Je, Wajua? Safari za Ujumbe Kutoka Pumwani

Jirani kupitia angani
Zamani barua pepe ya kutoka Nairobi kwenda Nairobi iliweza kusafiri zaidi ya kilomita 140,000, sawa na kuizunguka dunia mara tatu na nusu! Kampuni za intaneti hazikuwa zimeungana zenyewe kwa zenyewe, hivyo ujumbe wa mtaa wa Pumwani kwenda katikati ya jiji ulipanda kwenye setilaiti, ukashuka ng'ambo, ukapanda tena, ndipo ukarudi. Tiba ikawa KIXP, kituo ambapo kampuni hizo hubadilishana data papo hapo Nairobi. Kilianza mwishoni mwa 2000, kikafungwa muda mfupi baadaye kwa amri ya tume ya mawasiliano, kikafunguliwa tena Februari 2002.

Chini ya bahari ni karibu zaidi
Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda na kushuka huchukua kama robo sekunde. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009, hupita chini ya bahari takriban kilomita 5,000 hadi Fujairah. Mwanga ndani ya nyuzi zake za kioo humaliza safari hiyo kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde, mara kumi upesi zaidi. Anayepiga simu ya video kwa dada yake aliye Uarabuni anaufaidi mwendo huo kila siku.

Picha moja, vipande 2,000
Picha ya mtoto aliyezaliwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani haisafiri nzima kwenda kwa nyanya yake Kisumu. Ikiwa na megabaiti 3, hukatwa vipande zaidi ya 2,000, kila kimoja na anwani na namba yake, na vyaweza kupita njia mbalimbali. Mwisho wa safari hupangwa upya, na kilichopotea hutumwa tena. Msingi wa kanuni hizi uliandikwa na Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974, na ndio unaowezesha data kuzunguka kebo iliyokatika.

Mlango mmoja, vyumba vingi
Anwani za intaneti za mfumo wa IPv4 ni 4,294,967,296 tu, ilhali duniani tuko watu zaidi ya bilioni 8! Ruta, kifaa kinachounganisha nyumba na intaneti, huzitosheleza kwa mpango ule ule wa nyumba ya Kiswahili ya Majengo, Pumwani: mlango wa mbele mmoja, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Nje, ruta hujulikana kwa anwani moja; ndani, kila mazungumzo yana namba yake, na namba hizo zapita 65,000.

Siri ya kungoja
Wi-Fi mbili zikisema kwa pamoja kwenye mkondo mmoja, ujumbe wa zote huharibika. Dawa ilitoka Hawaii mwaka 1971, kwenye mtandao wa redio wa Norman Abramson na wenzake: mkigongana, kila mmoja angoje muda wa kubahatisha, kisha ajaribu tena. Kwa hesabu, mbinu hiyo hunufaika na asilimia 18 tu ya uwezo wa mkondo. Wote wakikubali kuanza kwa mpigo mmoja wa saa, hufika karibu 37. Wi-Fi ikaongeza sharti la kusikiliza kwanza, na ndiyo maana ruta za mtaa uliobanana huweza kugawana hewa moja.

Emoji moja, herufi 90 zimekwenda
SMS hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi ya kawaida hutumia biti 7, hivyo zinaingia 160, kiasi ambacho Mjerumani Friedhelm Hillebrand aliona mwaka 1985 kuwa kinatosha. Tia emoji moja, ujumbe wote huhamia biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Jaribu leo: andika SMS ndefu, ongeza uso wa kucheka, kisha tazama kihesabio cha simu yako kikigeuka.