Kwa Nini Tangi la Kupunguza Msukumo wa Maji Lisikwepwe

Katika vijiji vingi vya Milima ya Upare, maji ya bomba hushuka kwa mserereko kutoka vyanzo vya milimani bila kuhitaji pampu. Neema hiyo ina sharti lake: kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo, au presha, wa takriban baa 1. Maji yakishuka mita 160 bila kukatizwa, hufikia baa 16 koki zote zinapofungwa. Bomba la plastiki lenye alama ya PN 10 limetengenezwa kuhimili baa 10 tu.

Ndiyo maana mafundi hujenga tangi dogo katikati ya mteremko. Tangi hilo si ndiva. Halikusudiwi kuhifadhi maji ya kumwagilia, bali kuyatuliza. Humo maji hukutana na hewa, msukumo hurudi sifuri, kisha safari huanza upya. Hivyo kila kipande cha bomba hubeba baa 8 badala ya 16.

Pengine hufungwa valvu ya kupunguza msukumo. Kanuni yake ni ile ya kifaa cha mzamiaji wa baharini, kinachoshusha hewa ya mtungi kutoka baa zipatazo 200 hadi kama 10, kisha kuipunguza tena kabla ya kumfikia mdomoni. Fundi hukaza skrubu ya valvu kuongeza msukumo wa upande wa chini, na huilegeza kuupunguza, polepole, akisoma geji. Kisha koki za chini hufungwa. Mshale ukitulia, valvu ni nzima. Ukiendelea kupanda, valvu haifungi sawasawa kwa sababu ya mchanga au uchakavu. Dawa yake ni kusafishwa au kubadilishwa kipuri, si kuzungusha skrubu.

Anayeunganisha bomba la kulikwepa tangi ili apate maji yenye nguvu huzirudisha zile baa 16. Bomba huweza kupasuka usiku, koki zikiwa zimefungwa, na kulipokucha kijiji kizima kikarudi kubeba ndoo.

Wananchi wanaombwa wasiguse valvu wala boya la tangi. Uonapo tangi likifurika mfululizo, au maji yakitoka kwa nguvu isiyo ya kawaida, toa taarifa mapema kwa chombo cha watoa huduma ya maji cha kijiji chako au ofisi ya RUWASA ya wilaya.