Je, Wajua? Nani Hulipia Treni ya Mjini

Je, wajua kwamba huenda ulishachangia treni ya SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, hata kama hujawahi kuipanda? Mwaka wa fedha 2015/16 serikali ilianzisha tozo ya maendeleo ya reli kwa bidhaa nyingi zinazoingia nchini, asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo pamoja na bima na gharama ya kuufikisha bandarini. Mzigo wa shilingi milioni moja ulitoa shilingi 15,000. Fundi wa Ipagala, Dodoma, aliyenunua spea ya bajaji alichangia, na mama aliyebadilisha simu alichangia, wala hakuna risiti iliyowaambia.

Katika kaunti ya Los Angeles, Marekani, mambo ni tofauti: wananchi huulizwa kwanza. Mwaka 2008 wapiga kura wa kaunti hiyo walikubali kuongeza nusu senti katika kila dola ya manunuzi kwa ajili ya usafiri. Sheria ilidai theluthi mbili ya kura. Mwaka 2012 viongozi wakarudi kuomba tozo hiyo irefushwe, wakapata asilimia 66.1, wakashindwa kwa tofauti ndogo sana. Wakarudi tena 2016 na kupata asilimia 71. Leo, ukijumlisha kura zilizopigwa tangu 1980, senti mbili za kila dola inayotumika dukani zinakwenda kwenye usafiri, na mlipaji anajua zinakokwenda. Binafsi napenda utaratibu huo, kwa sababu mtu aliyepiga kura ya ndiyo ana haki ya kusimama stesheni na kuuliza treni iko wapi.

Lakini je, wajua kura hiyo hiyo inaweza kuunyima mji treni kwa miaka arobaini? Seattle iliulizwa Februari 1968. Waliosema ndiyo walizidi nusu kidogo, ila sheria ilitaka asilimia 60. Ikaulizwa tena 1970, hali ikawa mbaya zaidi. Mamia ya mamilioni ya dola ambayo serikali kuu ya Marekani ingeipa Seattle yakahamia Atlanta, na treni za Atlanta zikaanza kukimbia 1979. Seattle ilisubiri hadi Julai 2009 ndipo treni yake ya kutoka katikati ya mji ikaanza kazi.

Na Atlanta yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1971 kaunti za Fulton na DeKalb zilikubali kodi ya senti moja kwa dola. Clayton na Gwinnett zikakataa, na ubaguzi wa rangi ulikuwa na nafasi kubwa katika kukataa huko: wazungu wengi wa viungani hawakutaka njia itakayowaunganisha na watu weusi wa mjini. Ndani ya mji, viongozi weusi hawakutoa kura zao bure. Walidai nauli ishuke, na nauli ya basi ikashuka kutoka senti 40 hadi senti 15, ikabaki hapo kwa miaka saba. Wenye kipato kidogo ndio wanaoumizwa zaidi na kodi ya manunuzi, kwa hiyo walirudishiwa chao kupitia nauli. Katika habari zote za reli za Marekani nilizosoma, hiyo ndiyo ninayotamani wapangaji wetu waisome kwa makini.

Je, wajua kilomita tatu za reli zinaweza kugharimu kuliko reli ya nusu nchi? Kipande cha kwanza cha njia ya Second Avenue huko New York kilifunguliwa tarehe 1 Januari 2017. Hakifiki kilomita tatu, kina stesheni mpya tatu, na kilimeza zaidi ya dola bilioni 4.4. Mikataba ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora, njia kuu ya kilomita 541 ukiacha reli za kupishania, ilikuwa takriban dola bilioni 3.1. Si haki kuvilinganisha moja kwa moja: kule walichimba mwamba chini ya maghorofa, huku sehemu kubwa ilipita porini na mashambani. Hata hivyo watafiti wa Marekani wenyewe wamelalamika kwamba stesheni hizo zilichimbwa kubwa kupita mahitaji.

Fedha za SGR yetu zilitoka wapi? Serikali ilianza na fedha zake. Februari 2020 ukasainiwa mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered, ukiwa na dhamana ya taasisi za Denmark na Sweden zinazosaidia biashara ya nje. Mkandarasi wa vipande viwili vya kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora ni Yapı Merkezi ya Uturuki, kipande cha kwanza akishirikiana na Mota-Engil ya Ureno.

Je, wajua mji unaweza kuchimba njia ya treni ukaishia hapo? Cincinnati, Marekani, ilipitisha dola milioni 6 mwaka 1916, ikaanza kuchimba 1920. Bei zilikuwa zimepanda baada ya Vita Kuu ya Kwanza na fedha zikakatika. Mahandaki yapo hadi leo, hayajapitisha abiria hata mmoja.

Kujenga ni nusu ya deni. Addis Ababa ilizindua treni yake ya mjini Septemba 2015 kwa dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na nauli ikawekwa chini sana. Mjini pale watu wengi walifurahi. Miaka michache baadaye treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Washington nayo, yenye treni ya mjini tangu 1976, ilikaa hadi 2018 ndipo serikali ya mji huo na za majimbo jirani zilipokubaliana kutoa dola milioni 500 kila mwaka kwa ajili ya matengenezo makubwa.

Dar es Salaam walianza kwa walichokuwa nacho. Oktoba 2012, wakati Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, mabehewa yaliwekwa kwenye reli ya zamani kati ya Ubungo na Stesheni, na mengine upande wa reli ya TAZARA. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, na jina likakaa.

Je, wajua treni za BART za San Francisco, zilizoanza 1972, zinapita kwenye reli yenye upana wa milimita 1,676? Reli za kawaida za Marekani ni milimita 1,435, kama SGR yetu. Kwa hiyo kila behewa lao lazima litengenezwe kwa oda maalumu. Dodoma tuna reli mbili za upana tofauti: ile ya mita moja, iliyofika hapa 1910 enzi za Wajerumani, na ya SGR, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Julai 2024. Atakayechora treni ya mjini Dodoma atalazimika kuchagua atumie ipi.

Je, wajua mpango mkuu wa Dodoma wa 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto, uliweka njia maalumu za mabasi kuunganisha makazi? Hazikujengwa kama zilivyochorwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Na kila asubuhi watumishi wanaelekea Mtumba kwenye Mji wa Serikali, wote kwa barabara ile ile ya kwenda Dar.

Los Angeles ilinunua njia ya zamani ya Southern Pacific kuelekea Santa Monica mwaka 1990, abiria wa mwisho akiwa amepita 1953. Treni mpya ilifika huko Mei 2016. Nasi Dodoma, kati ya Ipagala, Nzuguni, Ihumwa na Mtumba, bado tuna ardhi ambayo haijajengwa. Jiji liitenge sasa, kabla viwanja havijapimwa na fidia kupanda.