Mtoto asile ovyo hotelini

Barabara ya kutoka Lodwar kupitia Kakuma na Lokichoggio hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, ni ndefu na jua lake ni kali. Gari linaposimama, mtoto ana njaa na kiu, naye mzazi amechoka. Basi huagizwa kile ambacho mtoto hatakikataa: chipsi na soda.

Mlo mmoja wa safarini haudhuru. Hatari ni mazoea, hasa kwa familia za mjini zinazokula nje kila wikendi. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban vijiko 8 vya chai vya sukari. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambazo mwili hupata kwa siku. Kwa mtoto wa miaka 5, chupa hiyo moja karibu inamaliza kiasi hicho chote. Meno huoza, na tumbo lililojaa sukari halina nafasi ya chakula cha kujenga mwili.

Chakula bora kipo papo hapo hotelini. Lodwar kuna samaki wa Ziwa Turkana. Mtolee mtoto miiba kwanza. Kakuma, ambako wakimbizi wamepokewa tangu 1992, hoteli za Waethiopia huuza injera kwa mchuzi wa kamande. Karibu kila mahali utapata maharagwe, ndengu au sukuma wiki.

Chai nayo isiandamane na mlo, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na upungufu wake huleta ukosefu wa damu. Badala yake, kamulia ndimu kwenye maharagwe. Husaidia madini hayo kufyonzwa.

Usimwulize mtoto, "Unataka nini?" Mwulize, "Utakula samaki au ndengu?" Atachagua mwenyewe, na vyote viwili vitamfaa. Agiza maji safi kabla ya chakula, kwani mara nyingi anayelilia soda ana kiu tu. Mgawie kutoka sahani yako badala ya kumwagizia sahani nzima ya chipsi.

Hakikisha chakula kimeletwa kikiwa moto na mikono imeoshwa kwa sabuni. Nawe mzazi, weka soda yako kando: mtoto huiga anachokiona mezani.