Mishipa ya moyo ikiziba kwa mwenye kisukari: stenti au upasuaji?

Baba ana kisukari kwa miaka mingi. Akipanda ngazi kifua kinabana; akipumzika kinaachia. Kipimo kinaonyesha mishipa mitatu ya moyo imeziba. Jioni familia inakaa sebuleni na swali moja: awekewe stenti au afanyiwe upasuaji?

Wengi hukimbilia stenti, na si ajabu. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au paja hadi kwenye moyo, hupanua palipoziba kwa puto dogo, kisha huacha hapo kijibomba cha waya. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache. Katika upasuaji, kifua hufunguliwa na mshipa kutoka kifuani au mguuni huunganishwa ili damu ipite njia nyingine. Kupona huchukua wiki kadhaa.

Lakini kwa mwenye kisukari aliyeziba mishipa zaidi ya mmoja, njia nyepesi mara nyingi si ndiyo bora. Utafiti wa FREEDOM, uliochapishwa mwaka 2012 chini ya Dk Valentin Fuster wa New York, ulihusisha wagonjwa 1,900 wa aina hiyo. Kwa kipindi cha miaka mitano, vifo vilikuwa asilimia 16.3 kwa waliowekewa stenti na asilimia 10.9 kwa waliopasuliwa. Mshtuko wa moyo uliwapata asilimia 13.9 dhidi ya 6.

Upasuaji nao una hatari yake. Kiharusi kiliwapata asilimia 5.2 ya waliopasuliwa, dhidi ya 2.4 kwa wenye stenti.

Sababu ya tofauti ni kwamba kisukari huharibu sehemu kubwa ya mshipa. Stenti hufungua pale ilipowekwa tu, wakati mshipa uliounganishwa hupeleka damu mbele zaidi, hata kizuizi kipya kikijitokeza nyuma yake.

Matokeo haya hayamhusu kila mtu. Anayefikishwa hospitali akiwa na mshtuko wa moyo, stenti ya haraka huweza kuokoa maisha yake. Umri, figo na mapafu pia huzingatiwa.

Kabla ya kusaini fomu, muulizeni daktari: Ni mishipa mingapi imeziba? Je, daktari wa moyo na daktari wa upasuaji wamejadili pamoja? Kuna hatari gani kwa mgonjwa huyu?

Na njia yoyote itakayochaguliwa, dawa, sukari na shinikizo la damu ni vya kusimamia kila siku. Aliyewekewa stenti asiache dawa za kuzuia damu kuganda bila kuambiwa na daktari wake.