Chimba Kidogo, Pima Sana

Vijana wanaotaka shahada ya uzamivu katika akiolojia huniuliza kwanza: nichimbe wapi? Mimi huwauliza wanatafuta jibu la nini. Uchimbaji huchukua wiki chache tu za mwaka. Muda mwingi uliobaki huishia kwenye meza ya vigae vya vyungu.

Tazama pwani yetu ya Afrika Mashariki. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, na Neville Chittick akafukua Kilwa Kisiwani miaka ya 1960. Wote wawili walivutwa na magofu ya mawe na vyombo vilivyoletwa na majahazi, wakaona chimbuko la miji hiyo liko ng'ambo ya bahari. Felix Chami, katika tasnifu aliyoitoa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwaka 1994, alishughulika na vyungu vya kawaida. Vile vilivyochorwa pembetatu alivilinganisha na vyungu vya kale zaidi vya aina ya Kwale, ambavyo Robert Soper alikuwa amevieleza katika miaka ya 1960, akaona ufinyanzi mmoja ulioendelea kukua. Kwa hiyo, alisema, watu wa pwani wa milenia ya kwanza walitokana na wakulima na wafua chuma wa Kiafrika. Hoja nzito kiasi hicho imesimama juu ya vipande vya vyungu ambavyo mpita njia angevikanyaga.

Kila kigae huoshwa, hukaushwa, kisha huandikwa kwa wino eneo, shimo na tabaka kilikotoka. Mdomo wa chungu hupimwa upana, pambo huchorwa, udongo hukaguliwa kwa lenzi. Mkaa wa tabaka hilohilo hupelekwa maabara kupimwa kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Hapo uangalifu unahitajika: mkaa wa kiini cha mti mzee unaweza kutoa tarehe ya zamani kuliko moto wenyewe, kwa hiyo ni heri kupima mbegu iliyoungua.

Kibali nacho kiombwe mapema. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na hakuna anayeruhusiwa kuchimba bila leseni.

Nasisitiza kuchimba kidogo kwa sababu tabaka likishafukuliwa halirudi. Mtafiti wa miaka hamsini ijayo atakuja na vipimo ambavyo sisi hatuna, naye anastahili kukuta ardhi ambayo haijaguswa. Isitoshe, stoo za makumbusho zina maboksi ya vigae vilivyochimbwa zamani, na kwa maoni yangu mwanafunzi mwenye swali zuri anaweza kuandika tasnifu nzima humo bila kushika jembe. Ila kabla ya kufungua boksi aombe daftari la uchimbaji. Kigae kisichojulikana kilitoka tabaka gani hakimwambii lolote la maana kuhusu wakati.