Je, Wajua? Shule ya Uchawi, Tanuri la Bibi Harusi na Mjapani Aliyefuzu Uganga

JE, WAJUA kwamba shujaa wa Mashle, katuni ya Kijapani inayohusu shule ya wachawi, hana uchawi hata chembe? Anaitwa Mash Burnedead. Kwao kila mtu ana alama usoni inayoonyesha nguvu zake, na asiye nayo huuawa. Mash hana alama. Ana misuli tu, na uchu wa vikeki vya krimu. Katika juzuu ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 2020, polisi wanamgundua, naye analazimika kujiunga na Easton, shule ya wenye vipaji vya uchawi, ili babu aliyemlea asisumbuliwe. Mtihani wa kuingia unamtaka atafute njia ya kutoka kwenye jumba lenye vichochoro vya kupoteza watu. Wenzake wananuia. Yeye anatoboa kuta kwa ngumi na kunyoosha moja kwa moja hadi mlangoni. Mlango wenyewe usimwulize: huwa hajui ni wa kuvuta au wa kusukuma, basi anaung'oa.

Je, wajua kwamba hapa Tanzania shule kama Easton isingemaliza hata wiki ya usajili? Sheria ya Uchawi tuliyorithi kwa Waingereza ni ya mwaka 1928 na bado imo vitabuni. Kujitangaza kuwa una nguvu za uchawi ni kosa. Na kabla hujacheka sana, kumnyooshea jirani kidole kwamba ni mchawi nako ni kosa. Kipengele hiki cha pili ndicho kingestahili kubandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji, maana vikongwe wengi nchini wamepoteza maisha kwa sababu ya kidole cha jirani.

Maana ya jina la mji wetu, Sumbawanga, nayo ya uchawi, haturudii hapa. Kila abiria wa basi la Tunduma ameshasimuliwa kabla hajafika Laela.

Je, wajua kwamba kuna Mjapani aliyesomea uganga jirani kabisa na Ufipa, kwetu hapa? Huyu si wa katuni. Ni Makoto Kakeya, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Kyoto, aliyeishi miongoni mwa Watongwe katika miaka ya 1970. Watongwe ni watu wa mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika na milima ya Mahale, kaskazini mwa Ufipa. Kakeya alikwenda kuchunguza namna wanavyolima, wanavyovua na wanavyowinda. Hakuishia hapo. Alijifunza dawa na matambiko yao, akapitia taratibu za kusimikwa, akatoka akiwa mganga kwa desturi ya Watongwe. Baadaye aliandika makala ya kitaaluma yanayoeleza hatua kwa hatua jinsi mtu anavyofikia kuwa mganga. Wajapani wanaotunga shule za uchawi kwa kubuni ni wengi. Huyu alihudhuria ya kweli, isiyo na sare wala kengele.

Mwenzake wa Kyoto, Toshisada Nishida, alifika Mahale mwaka 1965. Yeye alifuata sokwe. Mwaka 1985 Mahale ikawa hifadhi ya taifa.

Je, wajua kwamba Wafipa walikuwa na tanuri la chuma lililopambwa kama bibi harusi? Hapa tutue kidogo. Tanuri hilo, ilungu, lilijengwa kwa udongo na kupita kimo cha mtu, la mita tatu hivi. Halikuwa na mivuo. Chini yake yaliachwa matundu yenye mabomba ya udongo, hewa ikajivuta yenyewe kwenda juu kadiri moto ulivyokolea. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka nyingi, kwa hiyo kikaingizwa katika tanuri la pili, kintengwe, dogo na lenye mivuo, ndipo kikafaa kufuliwa jembe. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa zake, na dawa zenyewe zilikuwa sehemu ya ufundi sawa na mkaa na mawe ya chuma. Tanuri lilihesabiwa kuwa mke, chuma kikawa mwana, na mafundi wakajizuia kukutana na wake zao hadi kazi iishe. Mmisionari Wyckaert aliyaandika haya mwaka 1914, Greig akayaandika tena mwaka 1937. Mabaki ya matanuri hayo bado yamesimama porini sehemu mbalimbali za Ufipa. Mtoto anayesoma kemia sekondari angeyaelewa vizuri kuliko mchoro wa kitabuni.

Je, wajua kwamba aliyechora mojawapo ya katuni maarufu za kuchekesha za shule na uchawi sasa ni mbunge? Ken Akamatsu alianza Negima mwaka 2003: mvulana wa miaka 10, mchawi kutoka Wales, anapelekwa Japani kufundisha Kiingereza, na siri yake ikifichuka atageuzwa mnyama. Julai 2022 Akamatsu alichaguliwa kuingia Baraza la Juu la bunge la Japani kwa kura zaidi ya laki 5.

Je, wajua kwamba katuni za Kijapani husomwa kuanzia kulia? Anayeshangaa afikirie tendi za kale za Kiswahili, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Babu zetu wa pwani walisoma hivyo hivyo.

Je, wajua kwamba radi haina hasira na mtu? Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na umeme wa mawingu hutafuta njia nyepesi ya kufika ardhini. Mti mrefu ulio peke yake huuita, na wewe uliyejibanza chini ya mti huo unaingia njiani mwake. Yule mzee uliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba hahusiki.

Je, wajua kwamba sisi pia tuna mtukutu wetu wa darasani? Madenge, mwanafunzi asiyekosa jibu la kumchosha mwalimu, amewachekesha wasomaji wa gazeti la Sani, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akahamia kwenye vichekesho vya mdomoni nchi nzima. Hana uchawi, na mbele ya mwalimu wake hauhitaji.

Je, wajua kwamba ngano za Wafipa zilishachapwa kitabuni? Mwingereza Roy Willis aliishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 akizikusanya, na mwaka 1978 zikatoka kwa Kiingereza. Aliandika pia kuhusu Kaswa, nabii wa Kifipa aliyetabiri ujio wa wageni. Matokeo yake, mwanafunzi wa Oxford anazipata ngano hizo kwa urahisi kuliko mtoto wa Namanyere. Hilo ni jambo la aibu, na si la Willis.

Je, wajua kwamba Mashle ilikuwa hadithi ya kwanza ya mfululizo kwa mchoraji wake, Hajime Komoto? Ilianza Januari 2020 katika jarida la Weekly Shonen Jump, ikamalizika Julai 2023 ikiwa imefikisha juzuu 18. Basi wachoraji chipukizi wa Sumbawanga, Matai na Laela, ilungu lipo, Kaswa yupo, na maporomoko ya Kalambo yenye mita zaidi ya 200 yanamsubiri shujaa wa kuyaruka bila ufagio. Chora kurasa ishirini, mpe mwalimu wa Kiswahili asahihishe maneno, kisha tuletee tuzisome.