Je, Wajua? Kadi ya Mtandao Ndani ya Klasta ya Seva

Klasta ni seva nyingi zilizounganishwa zikafanya kazi kama mashine moja, na kila seva huingia kwenye umoja huo kupitia kadi yake ya mtandao. Kuchomoa kadi mbovu na kuchomeka mpya ni kazi ya dakika chache. Kinachomtoa fundi jasho ni vyote vilivyoizoea ile ya zamani.

Je, wajua kwamba kadi mahututi ni hatari kuliko iliyokufa? Mwaka 2013 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walisimulia kisa kilichotokea Facebook: kadi ya gigabiti 1 kwa sekunde ilianza kutuma kilobiti 1 tu, yaani mara milioni moja chini ya uwezo wake. Klasta nzima ya nodi 100, yaani seva 100, ikawa inajikokota. Kadi iliyokufa hugunduliwa na kutengwa; inayojikongoja huhesabiwa kuwa hai, na wenzake wanaendelea kuisubiri.

Je, wajua kwamba kadi nyingi husingiziwa? Kila fremu ya Etheneti hubeba biti 32 za kuhakiki. Hesabu isipolingana, kadi huitupa fremu na kuandika kosa. Makosa yakiongezeka, fundi mzoefu huanza na kebo. Kiini cha faiba ya modi moja kina upana wa takribani mikromita 9, chembamba kuliko unywele, hivyo chembe moja ya vumbi yatosha kuharibu mawasiliano.

Je, wajua kwamba klasta ina akidi? Klasta nyingi huamua mambo kwa wingi wa nodi. Zikiwa 3, unaweza kuzima 1 ukabadilisha kadi. Zikiwa 5, zinastahimili kupoteza 2. Zikiwa 4 je? Bado ni 1 tu, kwa sababu wingi wa 4 ni 3. Ndiyo maana wajenzi hupenda namba witiri.

Je, wajua kwamba seva huhamwa kabla ya kufunguliwa? Kwenye Kubernetes, programu ya kusimamia klasta, nodi huwekewa kwanza alama ya kutopokea kazi mpya, kisha kazi zilizomo huondolewa zikaanzishwa kwingine. VMware tangu mwaka 2003 inaweza kuhamisha kompyuta pepe kutoka seva moja hadi nyingine ikiwa inaendelea kufanya kazi, na mtumiaji asijue kama kuna kilichotokea.

Je, wajua kwamba seva iliyozimwa bado ina umeme ndani? Kadi nyingi huendelea kupata umeme kidogo ili ziisikie ishara ya kuiamsha mashine. Ishara hiyo ina baiti 102: baiti 6 za utangulizi, kisha anwani ya kadi ikirudiwa mara 16. Kwa hiyo kubonyeza swichi hakutoshi. Waya wa umeme lazima uchomolewe.

Je, wajua kwamba mkono mtupu unaweza kuiua kadi mpya? Mtu huanza kuhisi cheche ya umemetuli inapofika takribani volti 3,000. Chipu nyingine huharibika chini ya volti 100. Fundi huvaa mkanda kifundoni uliounganishwa na chuma cha seva, kwani madhara yanaweza kutokea bila yeye kuhisi chochote.

Je, wajua kwamba sloti inaweza kuibana kadi? Sloti ya PCI Express 3.0 yenye njia 8 hupitisha takribani gigabiti 63 kwa sekunde. Chomeka humo kadi ya gigabiti 100 na utakuwa unamwaga pipa kupitia shingo ya chupa. Taa zitawaka vizuri, ila kasi uliyoilipia hutaiona.

Je, wajua kwamba kila kadi huzaliwa na utambulisho wake? Anwani ya MAC ina biti 48, zinazotosha kutoa anwani zaidi ya trilioni 281. Kwa kawaida nusu ya kwanza humtaja mtengenezaji, na hugawiwa na taasisi ya IEEE.

Je, wajua kwamba kwa sababu hiyo seva ileile, ikibadilishiwa kadi, huonekana mgeni? Seva inayogawa anwani za IP huenda ikaipa anwani tofauti. Swichi ya mtandao yenye ulinzi mkali huifungia mlango. Hata leseni za programu fulani, zilizofungwa kwenye anwani ya MAC ya zamani, hugoma.

Je, wajua kwamba Linux ilikuwa na kinyongo? Matoleo mengi ya zamani yaliandika kwenye faili kwamba eth0 ni kadi yenye anwani fulani. Ukiweka mpya, jina hilo halikurithiwa: mgeni aliitwa eth1, na mipangilio yote ya eth0 ikabaki yatima. Kuanzia mwaka 2013, systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, ilileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipochomekwa. Ukichomeka mpya kwenye sloti ileile, kwa kawaida jina hubaki.

Je, wajua kwamba kadi inaweza kujibu ping, ujumbe mdogo wa kujaribu mawasiliano, na bado ikawa na kasoro? Pakiti ya kawaida ya Etheneti hubeba hadi baiti 1,500, lakini klasta nyingi hupandisha hadi 9,000. Kadi mpya ikiachwa kwenye 1,500, ujumbe mdogo hupita vizuri, mafaili makubwa hukwama. Jaribu kwa pakiti kubwa kabla ya kufunga kifuniko.

Je, wajua kwamba kadi mbili kwa seva moja ni mbinu ya siku nyingi? Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker walijenga klasta ya Beowulf katika kituo cha Goddard cha NASA, Marekani, kwa kompyuta 16 za kawaida. Etheneti ya megabiti 10 haikutosha, wakaunganisha njia zaidi ya moja. Leo mbinu hiyo huokoa pia wakati wa matatizo: kadi moja ikifa, ya pili hushika zamu.

Je, wajua kasi imetoka wapi? Etheneti ya kwanza, iliyobuniwa Xerox PARC na Bob Metcalfe na David Boggs mwaka 1973, ilikwenda megabiti 2.94 kwa sekunde. Kiwango cha gigabiti 400 kilipitishwa 2017: zaidi ya mara 136,000.

Je, wajua kwamba Frontier ina kadi zaidi ya 37,000? Kompyuta hiyo kuu ya Oak Ridge, Marekani, ina nodi zaidi ya 9,400, kila moja na kadi 4. Piga hesabu: hata kama kila kadi ingeishi wastani wa miaka 100, bado moja ingekufa karibu kila siku.